Barua ya Wazi kwa Wanafunzi wa Mwaka wa Kwanza: Eleweni kwa Lugha Zenu, Andikeni kwa Kiingereza

Wanangu wapendwa,

Nawaandikia ninyi mlioingia vyuo vikuu vilivyoko Maseno, Kakamega, Bondo, Kibabii na Njoro, na hasa ninyi mliojifunza kusema kwa Dholuo, Kibukusu, Kimaragoli, Ekegusii, Kikalenjin, Kikuyu au Kiswahili, kisha Kiingereza mkakikuta shuleni. Ninyi ndio wengi. Nimefundisha vijana wa eneo hili kwa sehemu kubwa ya maisha yangu, na katika muda huo wote hakuna jambo lililoniuma kama kumwona kijana mwenye akili pevu akianguka mitihani ya mwaka wa kwanza, kisha akarudi nyumbani akiamini kwamba masomo ya chuo kikuu hayakuumbiwa watu kama yeye, ilhali kilichomkwamisha ni lugha ya kitaaluma ambayo hakuna mtu aliyewahi kuketi naye akamfundisha.

Naomba mlielewe hili kabla ya lolote. Kiingereza cha kuzungumza na Kiingereza cha kusomea havikomai pamoja. Mtaalamu Jim Cummins wa Kanada alizitenganisha lugha hizo mbili katika maandishi yake ya mwaka 1979, na tafiti zilizofuata kuhusu watoto wa wahamiaji nchini humo zikaonyesha kwamba mtoto huweza kuzungumza lugha mpya vizuri baada ya takriban miaka 2, lakini huhitaji kati ya miaka 5 na 7 kuwafikia wenzake katika lugha ya vitabu na mitihani. Watoto hao walikisikia Kiingereza dukani, barabarani na kwa majirani. Ninyi mlikisikia zaidi darasani. Kwa utaratibu uliopendekezwa na ripoti ya Gachathi ya mwaka 1976 kuhusu elimu ya nchi yetu, mtoto wa Kenya hufundishwa kwa lugha ya eneo lake hadi darasa la tatu, kisha Kiingereza kikashika masomo yote isipokuwa Kiswahili kuanzia darasa la nne, na mara nyingi miaka iliyofuata ilikuwa miaka ya kunakili noti kutoka ubaoni. Kunakili hakumfundishi mtu kujenga hoja. Kwa hiyo anayefika chuoni akaona kwamba anaweza kuzungumza na mhadhiri bila shida, lakini kurasa tatu za insha zinamtoa jasho, asijidhanie mgonjwa. Ndivyo mambo yalivyo kwa karibu kila mtu aliyepita njia hiyo.

Kuna pia aibu, nayo nataka niiseme waziwazi kwa sababu inawaumiza kuliko sarufi. Baadhi yenu mlivishwa kipande cha mbao shingoni kwa kosa la kusema lugha ya mama uwanjani, mkachapwa jioni. Mtoto aliyefundishwa hivyo hujifunza kwamba usalama wake uko katika kunyamaza, naye akifika chuoni huketi nyuma ya ukumbi wa mihadhara, haulizi, hajibu, na anapogawiwa kazi ya kuwasilisha mbele ya wenzake humwomba mwingine amsemee. Mhadhiri humwona hana la kusema. Nawasihi muiache adhabu hiyo huko ilikobaki. Katiba ya mwaka 2010 imekitaja Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi pamoja na Kiingereza, na imeiagiza serikali kuzikuza na kuzilinda lugha za jamii zote za Kenya. Hakuna sheria inayowakataza kufikiri kwa lugha mliyolelewa nayo.

Na hapo ndipo lilipo shauri langu kubwa. Wengi hudhani kwamba njia ya kukimudu Kiingereza cha chuo ni kujifungia ndani yake, kusoma kwa Kiingereza, kujadili kwa Kiingereza, hata kukariri aya nzima usiku kucha pasipo kuielewa. Mimi nimeona kinyume chake. Kundi la wanafunzi wanne au watano linaloketi jioni, likasoma makala kwa Kiingereza, kisha likaijadili kwa Kiswahili au kwa Dholuo hadi kila mmoja aweze kumweleza mwenzake hoja ya mwandishi, sababu zake na pale ambapo hoja hiyo ina udhaifu, ndilo kundi linaloandika vizuri baadaye. Lakini lazima kuwe na hatua ya tatu, na hii ndiyo ambayo makundi mengi huiruka: vitabu vifungwe, kila mmoja achukue karatasi yake na kuandika nusu ukurasa kwa Kiingereza, kwa maneno yake mwenyewe, kisha wabadilishane karatasi na kusomeana. Hapo ndipo ufahamu unapogeuka kuwa maandishi. Kundi linaloishia kwenye mazungumzo huondoka limefurahi, lakini kalamu zake hazijafanya kazi. Utaratibu wa namna hii si uzushi wa Nyanza. Huko Wales, ambako Kiwelsh na Kiingereza huishi pamoja, mwalimu Cen Williams aliuandikia tasnifu mwaka 1994, akieleza masomo ambamo mwanafunzi hupokea maarifa kwa lugha moja na kuyatoa kwa lugha nyingine kwa kusudi, na jinsi jambo hilo linavyomlazimisha kuelewa kwa kina kile anachokipokea, kwa maana huwezi kukihamisha usichokielewa.

Kama mnataka mfano wa nyumbani, mkumbukeni Profesa Bethwell Ogot, aliyefariki mwaka 2025. Alizaliwa Gem mwaka 1929, akasoma Maseno, Makerere na St Andrews huko Uskoti, kisha akafanya utafiti wa uzamifu katika Chuo Kikuu cha London. Historia ya Waluo aliyoiandika aliipata kwa kuwasikiliza wazee wakisimulia kwa Dholuo, wakati ambapo wanahistoria wengi wa Ulaya hawakuyapa masimulizi ya mdomo uzito wowote. Maarifa yalikuwa katika lugha ya mama yake, na kazi yake ikawa kuyapitisha katika kanuni za taaluma ya historia hadi msomaji wa London akayaamini. Naona mara nyingi mnamtaja kama mtu mkubwa aliyekuwa mbali nanyi. Alianzia mlikoanzia.

Sasa niseme kuhusu msamiati, maana hapa kazi ina mpaka unaojulikana na hilo linapaswa kuwatia moyo. Averil Coxhead wa New Zealand alichunguza maandishi ya kitaaluma yenye takriban maneno milioni 3.5 kutoka taaluma za sanaa, biashara, sheria na sayansi, na mwaka 2000 akachapisha orodha ya familia 570 za maneno (yaani neno pamoja na maneno yanayotokana nalo) yanayojirudia katika taaluma zote hizo. Familia hizo peke yake huchukua karibu asilimia 10 ya maandishi ya kitaaluma. Orodha hiyo hupatikana bure kwenye intaneti. Mwanafunzi anayejifunza familia 10 kwa wiki atakuwa ameimaliza kabla ya kuingia muhula wa kwanza wa mwaka wa tatu, hata akipumzika wakati wa likizo. Msiyakariri maneno hayo yakiwa peke yake; kila moja liandikwe ndani ya sentensi mliyoikuta katika kitabu cha somo lenu, kwa sababu mwanafunzi wa uuguzi na mwanafunzi wa uchumi hulikuta neno lilelile likiwa na majirani tofauti.

Mwaka huohuo watafiti Hu na Nation walionyesha kwamba msomaji huhitaji kuyajua takriban maneno 98 katika kila 100 ili aelewe maandishi vya kutosha bila msaada. Katika ukurasa wa maneno 300, hayo ni maneno 6 tu yasiyojulikana. Anayekutana na maneno 30 kwenye ukurasa kama huo hana sababu ya kujilaumu kwamba hasomi kwa bidii; ukurasa wenyewe bado umemzidi, na ni afadhali aanze na kitabu chepesi zaidi cha mada ileile, hata kama ni cha shule ya upili, kisha aurudie.

Kuhusu mitihani nitakuwa mfupi. Katika kozi nyingi za vyuo vyetu mtihani wa mwisho hubeba asilimia 70 ya alama, na kazi za muhula asilimia 30. Nimesahihisha karatasi nyingi ambazo mwandishi wake aliyajua mambo lakini hakulisoma swali. Swali la kutaja, swali la kueleza, swali la kulinganisha na swali la kutathmini ni maswali manne tofauti, na anayejibu yote kwa kumwaga kila alichokumbuka hupoteza alama ambazo tayari alikuwa nazo kichwani. Chukueni karatasi za miaka iliyopita, mpige mstari chini ya kitenzi cha kila swali, kisha mjadiliane kitenzi hicho kinadai nini kabla ya kugusa jibu.

Makosa ya sarufi nayo yana asili yake. Kiswahili na Dholuo havina vile vijineno, kama “a” na “the”, ambavyo Kiingereza huviweka mbele ya nomino, wala havitenganishi mwanamume na mwanamke katika kiwakilishi cha mtu wa tatu, kwa hiyo ni jambo la kutarajiwa kabisa kwamba mtavisahau vijineno hivyo na kuchanganya viwakilishi. Makosa yanayotarajiwa hurekebishika. Kila mmoja awe na ukurasa mmoja nyuma ya daftari wa makosa yake mwenyewe, yaliyopigwa alama na wahadhiri, aupitie kabla ya kuwasilisha kazi yoyote. Matamshi msiyahangaikie. Aliyelelewa na Dholuo na aliyelelewa na Kikuyu watasikika tofauti wanapozungumza Kiingereza, na hakuna alama ya mtihani wa maandishi inayopotea kwa sababu hiyo. Na ninyi mnaocheka mwenzenu anapokosea mbele ya darasa, nawaambia kama mzazi: acheni. Mnamnyang'anya ujasiri ambao ndio anaouhitaji kuliko kitu kingine chochote chuoni.

Nimebakiza jambo zito. Najua kuna watu wanaouza insha, na najua sasa kuna programu za akili mnemba zinazoandika kurasa nzima kwa Kiingereza safi kwa dakika moja. Kishawishi ni kikubwa zaidi kwa mtu ambaye Kiingereza kinamtesa, nami simdharau anayekihisi. Lakini kila insha mnayoiwasilisha bila kuiandika ni zoezi mlilolikosa, na ukumbi wa mtihani utawakuta na kalamu peke yake. Mkitaka, iombeni programu iwafafanulie aya ngumu, au iwaonyeshe kosa katika sentensi mliyoiandika wenyewe, kisha mlirekebishe kwa mkono wenu na mhakikishe katika kitabu kwamba ilichowaambia ni kweli. Vivyo hivyo kwa kunakili sentensi za vitabu bila kumtaja mwandishi. Wengi hufanya hivyo kwa sababu wanaona sentensi ya mwandishi ni nzuri kuliko yao, si kwa nia ya kuiba, lakini chuo hakitapima nia zenu. Fungeni kitabu, mmwelezeni mwenzenu hoja hiyo kwa Kiswahili, kisha muiandike kwa Kiingereza chenu na kumtaja aliyeisema.

Mhadhiri akitangaza saa za kuonana na wanafunzi, nendeni, na msiende mikono mitupu. Chukueni aya moja mliyoiandika na mumwombe aisome, maana ni rahisi zaidi kwake kusaidia aya kuliko kusaidia malalamiko. Mkiona mmoja hana muda, mjaribu mwingine, au mwalimu wa somo la stadi za mawasiliano, ambaye kazi yake hasa ndiyo hiyo. Kazi ya kwanza ya muhula ikirudishwa, msiangalie alama peke yake na kuikunja. Ketini na kundi lenu, someni kila alichoandika mhadhiri pembeni, kisha kila mmoja aandike upya aya yake iliyokuwa dhaifu kuliko zote kabla ya juma kwisha.

Wenu katika malezi,
Mwalimu mstaafu, Kisumu