Kulenga visahani si ujambazi, wafungulieni vijana viwanja vya shabaha

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nimjibu msomaji mwenzangu aliyeandika kupinga vijana kufundishwa mchezo wa kulenga shabaha. Hoja yake ni kwamba mtoto akishikishwa bunduki leo, kesho ataishika usiku barabarani. Akamalizia kwa kusema michezo tuliyo nayo inatutosha. Hilo la mwisho nitalirudia, maana nikiangalia rekodi yetu ya Olimpiki sioni ni kipi hasa kinachotutosha.

Sizungumzi kwa kusikia tu. Mpwa wangu, binti wa dada yangu, ana miaka 16 na anaishi na mama yake Minnesota, Marekani. Yumo kwenye timu ya shule yake ya kulenga visahani vinavyorushwa hewani na mashine. Msimu wa kwanza alikuwa akivunja visahani tisa kati ya 25 na kurudi nyumbani amenuna. Sasa hivi akivunja chini ya 22 hasemi na mtu, na mwaka huu amewahi kuvunja vyote 25. Siku hiyo mama yake alijaza kundi letu la WhatsApp la ukoo kwa picha, hadi shangazi mmoja wa Tanga akauliza kama kuna msiba.

Alipokuja likizo kwetu Tabata ndipo nilipoiona kazi yenyewe. Bunduki haikusafiri naye, imebaki huko kwenye kabati la chuma lenye kufuli. Akaomba mpini wa ufagio na tochi ndogo, akaifunga tochi kwenye ncha ya mpini kwa mipira ya kufungia noti. Jioni umeme ukikatika anasimama katikati ya sebule, mpini uko usawa wa mbavu, macho yote mawili yako wazi. Ghafla anaupandisha hadi shavuni na begani kwa mpigo mmoja, na mwanga wa tochi unatembea kwenye mstari ule ambapo ukuta unakutana na dari, kuanzia juu ya kabati la vyombo hadi mlangoni. Mwanga ukitetemeka, au ukishuka chini ya mstari kidogo tu, anarudi mwanzo. Watoto wangu walicheka siku mbili za kwanza, kisha wakaanza kugombania ufagio.

Nikamwuliza, "Sasa mama, hapo unalenga nini?"

"Silengi, mjomba. Ukianza kulenga umeshachelewa."

Aliyewahi kumpiga tetere kwa manati akiwa hewani ataelewa haraka: jiwe linatumwa pale anakokwenda, wala si pale alipo. Kisahani chenyewe kimetengenezwa kwa lami na chokaa, kina upana wa sentimita 11 na uzito wa gramu 105. Katika mchezo wa shuleni kwao walengaji watano wanasimama kwenye mstari kama mita 15 nyuma ya kibanda cha mashine. Mmoja anaita kwa sauti, kisahani kinachomoka kwa pembe asiyoijua, na ana risasi moja tu. Anapiga visahani vitano hapo, anasogea kituo kinachofuata, mpaka atimize 25. Aina hii inaitwa trapu, na trapu ya Olimpiki ni kali zaidi. Kuna mashine 15 zilizofichwa kwenye handaki, visahani vinakwenda kasi kuliko basi la mikoani, na mshindani anapiga visahani 125 kabla ya kuingia fainali. Ndiyo maana anaruhusiwa risasi mbili kwa kila kisahani cha mchujo huo. Ukimtazama mtu macho yake yakihamia kwenye mtutu hata kidogo, kisahani kinapita kizima.

Sasa nirudi kwa msomaji mwenzangu na hofu yake. Kabla binti huyu hajaruhusiwa kujiunga na timu, alisoma kozi ya usalama wa silaha, akafanya mtihani na kupata cheti. Uwanjani kila bunduki inabebwa ikiwa imekunjwa katikati, kila mtu akiona kwamba mitutu haina kitu. Risasi inaingizwa mtu akiwa ameshasimama kituoni na zamu yake imefika. Ukigeuka nyuma na bunduki mkononi, hata kama ni kumsalimia mama yako, msimamizi anakutoa. Nimemwona kijana huyu akimkemea mdogo wake kwa kunielekezea ufagio ulio na tochi. Ufagio! Jambazi hahitaji nidhamu ya namna hiyo, na sijasikia jambazi aliyejifunza kazi yake kwa kuvunja visahani mbele ya waamuzi.

Wala siombi sheria ilegezwe. Tuna Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, na suala la leseni liko mikononi mwa Jeshi la Polisi, libaki huko huko. Kijana hana haja ya kumiliki bunduki wala kuipeleka nyumbani. Bunduki inalala kwenye ghala la uwanja, risasi zinahesabiwa zikitoka na maganda yanahesabiwa yakirudi.

Kuhusu kutoshelezwa na michezo tuliyo nayo: Tanzania ina medali mbili za Olimpiki tangu tuanze kushiriki, zote za fedha, zote za Moscow mwaka 1980, za Filbert Bayi na Suleiman Nyambui. Tafadhali zilinganishe na San Marino, nchi yenye watu wasiofika 35,000. Kata kadhaa za Dar es Salaam zina watu zaidi ya hao. Kwenye michezo ya Tokyo, iliyofanyika mwaka 2021, Alessandra Perilli aliipatia nchi hiyo medali yake ya kwanza kabisa, shaba ya trapu, kisha akaongeza fedha ya timu mchanganyiko akiwa na Gian Marco Berti. Nchi isiyo na watu wa kujaza Uwanja wa Benjamin Mkapa ilipata medali mbili kwa visahani vya lami.

Na kama mtu atasema hao ni Wazungu wana hela, basi tuitazame Guatemala. Adriana Ruano alikuwa mwanasarakasi wa jimnastiki hadi alipoumia mgongo vibaya mwaka 2011. Akiwa bado anataka kuwa mwanamichezo, akaelekezwa kwenye kulenga, mchezo ambao mgongo wake ungeuweza. Rio 2016 alikwenda kama mfanyakazi wa kujitolea. Tokyo akashindana na akawa wa mwisho, nafasi ya 26. Miaka mitatu baadaye, Paris 2024, akavunja visahani 45 kati ya 50 kwenye fainali ya trapu, rekodi ya Olimpiki, na Guatemala ikapata dhahabu yake ya kwanza katika historia. Siku moja kabla yake, Jean Pierre Brol, naye wa Guatemala, alikuwa ameshachukua shaba ya trapu ya wanaume. Hapa kwetu aliyeshika nafasi ya 26 angerudi uwanja wa ndege na kukuta wachambuzi wa redioni wameshamzika.

Wasichana nao wana hadithi yao kwenye mchezo huu, na si yote ya kufurahisha. Barcelona mwaka 1992 wanaume na wanawake walishindana pamoja kwenye skiti, ile aina ambayo visahani vinatoka kwenye vibanda viwili, kimoja cha juu na kingine cha chini. Zhang Shan wa China alivunja visahani vyote 200 vya mchujo, akamaliza na 223 kati ya 225, akawaacha wanaume wote nyuma. Unajua walichofanya wakubwa wa mchezo? Atlanta 1996 skiti ikawa ya wanaume peke yao, bingwa hakuwa na mahali pa kutetea taji lake, na wanawake walisubiri hadi Sydney 2000 kupata skiti yao. Ila Atlanta hiyo hiyo, kwenye aina nyingine inayorusha visahani viwili kwa mpigo, Kim Rhode wa Marekani alichukua dhahabu akiwa na miaka 17. Akaendelea kupata medali kwenye michezo sita mfululizo hadi Rio 2016.

Ninayemfuatilia zaidi, kwa sababu ya mpwa wangu, ni Mmarekani Vincent Hancock. Alikuwa bingwa wa dunia wa skiti mwaka 2005 akiwa na miaka 16, na bingwa wa Olimpiki Beijing akiwa na 19. Akarudia London. Rio hakufika fainali. Watu wakamwona amekwisha, naye akashinda tena Tokyo, na tena Paris, ambako aliyechukua fedha nyuma yake, Conner Prince, ni kijana aliyekuwa akimfundisha mwenyewe. Beijing Hancock alikwenda akiwa askari, kwenye kikosi maalumu cha ulengaji cha Jeshi la Marekani.

Hapo kwenye askari ndipo ninapotaka wakubwa wetu wasikilize. Alphonce Simbu, aliyetupa dhahabu ya marathoni kwenye mashindano ya dunia Tokyo mwaka 2025, ni mwanajeshi wa JWTZ. Majeshi yetu yanajua kulea wanamichezo, na tayari yana viwanja vya shabaha, wakufunzi, maghala na watu wanaojua kumtoa mtu uwanjani bila kubembeleza. Bunduki ya vita inahitaji eneo refu mbele yake, ila marisau, zile chembe ndogo zinazotoka kwenye risasi za mchezo huu, huanguka ndani ya mita 300. Kwa hiyo uwanja uliokwisha kutengwa kwa ajili ya bunduki za vita unatosha na kubaki. Kinachokosekana ni mashine za kurusha, visahani, na ruhusa ya raia kijana kupita getini siku ya Jumamosi.

Gharama sitaificha. Bunduki ya mashindano ni ghali, na raundi moja ni risasi 25, kwa hiyo mazoezi ya raundi nne yanakula risasi 100 kwa mtu mmoja asubuhi moja. Hakuna mzazi wa Tabata atakayelipia hilo kutoka mfukoni, hata akiuza friji. Marisau nayo ni madini ya risasi, yana sumu, na yakirundikana karibu na mto au bustani za mchicha tutakuwa tumejitengenezea balaa lingine. Lazima yaokotwe na eneo lichaguliwe kwa akili. Kwa hiyo tuanze kidogo. Bastola za leza zinatumika kwenye pentathloni ya kisasa ya Olimpiki, mchezo wa mashindano matano likiwamo la shabaha, tangu London 2012, hazina risasi wala sumu, na shule yenye ukumbi inaweza kuzitumia. Bunduki za upepo za mita 10, chini ya usimamizi, ni hatua ya pili. Wachache watakaoonyesha jicho na utulivu ndio wapelekwe kwenye visahani, kwa bunduki za uwanja wanazopokezana.

Ombi langu kwa Baraza la Michezo la Taifa na kwa BAMMATA, baraza la michezo la majeshi yetu, ni uwanja mmoja tu, karibu na Dar es Salaam, na kundi moja la vijana wa sekondari, wasichana wakiwamo, kwa mwaka mmoja wa majaribio. Msomaji mwenzangu mwenye hofu aalikwe siku ya kwanza akae na msimamizi. Akiona kijana mmoja anageuza mdomo wa bunduki na haondolewi, aandike barua nyingine na mimi nitaisaini.

Na wewe Mhariri una sehemu yako. Siku Ruano alipochukua dhahabu ile, ukurasa wako wa michezo ulikuwa na habari tatu za usajili wa mshambuliaji mmoja ambaye mwishowe hakusajiliwa. Michezo ya Los Angeles ni mwaka 2028. Hata kama hatutakuwa na mlengaji wa kupeleka, chapisheni matokeo ya trapu na skiti, hata kwa herufi ndogo chini ya msimamo wa ligi, pale mnapowekaga bahati nasibu.

Mjomba wa mlengaji,
Tabata, Dar es Salaam