Spika ya katikati isichaguliwe kwa urefu wa boksi

Mhariri,

Naomba nafasi niongelee spika ya katikati, ile inayokaa chini ya TV na kutoa maneno ya filamu, kwa wenye sebule pana maana naona watu wanapoteza hela hapa. Wengi tunaamini chumba kikiwa kipana basi tutafute ile spika ndefu ya kulala, tvita (kispika kidogo cha sauti nyembamba) katikati, wufa (spika kubwa za sauti nzito na za kati) mbili huku na huku, na mimi ndo nilinunua hiyo. Nikikaa katikati ya sofa sauti safi kabisa, ila mama anayekaa kiti cha pembeni kila saa "amesemaje huyo?", nikawa namwambia masikio yamechoka, hadi siku nikakaa pale kwake ndo nikajua nilimwonea bure.

Tatizo ni kwamba zile wufa mbili zinapiga kitu kimoja. Ukiwa katikati zinakufikia pamoja, ukisogea pembeni moja inakuwa mbali zaidi inachelewa, basi zinaanza kufutana. Chukulia zimeachana sentimita 30 na wewe umekaa nyuzi 30 pembeni, sauti ya moja inasafiri sentimita 15 zaidi, hapo karibu na hezi 1,100 (mitetemo 1,100 kwa sekunde) panatokea shimo, yaani sauti za hapo zinapotea, na hapo ni ndani kabisa ya sauti ya mtu anayeongea. Wufa zikiachana zaidi shimo linashuka chini zaidi, kwa hiyo boksi refu halisaidii chochote.

Kwa chumba kipana tafuta yenye spika ndogo ya sauti za kati iliyosimama chini ya tvita, wufa za pembeni zibaki na besi tu, au ile ambayo tvita imekaa ndani ya koni yenyewe (ile sehemu ya spika inayotetemeka). Kama nafasi ipo, bora zaidi weka spika ileile kama za kushoto na kulia, isimame wima, usiilaze.

Kuna wanaosema achana na spika ya katikati kabisa, kushoto na kulia zinatosha. Zinatosha kwa mtu mmoja aliyekaa katikati, wa pembeni anasikia maneno yote yanatoka spika iliyo karibu naye wakati mtu yuko katikati ya skrini. Hili si jambo la jana, Bell Labs (maabara ya kampuni ya simu ya Marekani) mwaka 1933 walirusha muziki wa okestra kutoka Philadelphia hadi Washington kwa chaneli tatu, ya katikati ikiwemo, kwa ukumbi mzima wa watu.

Dukani omba wapige mtu anaongea, sio muziki, halafu anza katikati utembee taratibu kwenda pembeni, maneno yakianza kufifia au kuwa kama yanatoka kwenye ndoo iache hata kama bei nzuri. Nyumbani iinamishe ielekee masikioni, besi ya chini ya hezi 80 iachie sabufa (spika maalumu ya besi).

Ombi langu kwenu, mkiandika kuhusu spika msituishie kwenye wati tu, tuambieni na ndani zimepangwaje.

Msomaji wenu