Wagonjwa wa mapigo ya moyo si kundi moja

Ndugu Mhariri,

Nimewasoma miaka mingi bila kuwaandikia, lakini taarifa yenu ya juma lililopita kuhusu maambukizi ya virusi na hitilafu za kurithi za mapigo ya moyo imenikera mno. Mwandishi wenu aliwatia wagonjwa wote katika kapu moja na kuwapa ushauri mmoja.

Mwenye ugonjwa wa Brugada, mojawapo ya hitilafu hizo za kurithi, huhatarishwa na homa yenyewe: joto la mwili likipanda, mapigo yanaweza kuvurugika hata moyo ukasimama, ndiyo maana huhimizwa kumeza parasetamoli mapema. Mwenye QT ndefu, hitilafu nyingine ambayo moyo huchelewa kujiandaa kwa pigo linalofuata (QT ni muda unaoonekana kwenye kipimo cha umeme wa moyo), huhatarishwa zaidi na dawa anazoandikiwa, na pia na kutapika na kuharisha kunakopunguza potasiamu na magnesiamu mwilini. Propranololi au nadololi, dawa za kuukinga moyo anazotumia baadhi yao kila siku, haifai kuachwa kiholela kwa sababu ya mafua.

Mpwa wangu ana QT ndefu, na jambo hilo limeandikwa waziwazi katika faili lake. Alipougua homa ya virusi alipewa azithromaisini pamoja na domperidoni ya kuzuia kutapika, dawa ambazo kila moja huweza kuirefusha zaidi QT, na hakuna aliyempima umeme wa moyo mpaka alipozimia. Tunamshukuru Mungu alizinduka. Azithromaisini yenyewe ni ya kutibu bakteria, na desturi hii ya kumgawia antibiotiki kila mwenye mafua, ambayo pia inawafanya bakteria kuwa sugu, imevumiliwa kupita kiasi! Je, mwaka 2020 umeshasahaulika, haidroksiklorokwini, dawa ya malaria, ilipotolewa kwa wagonjwa wa UVIKO-19 pamoja na azithromaisini hiyohiyo, hadi mamlaka ya dawa ya Marekani ikaonya mwezi Aprili kuhusu mapigo ya moyo na kufuta kibali cha dharura cha haidroksiklorokwini mwezi Juni? Hata Paxlovid, dawa ya UVIKO-19, ina ritonaviri, inayozuia ini kuvunjavunja flekainidi na kwinidini, dawa za mapigo ya moyo ambazo baadhi ya wagonjwa hawa huzitegemea.

Naomba mwirudie taarifa hiyo katika ukurasa uleule, mkieleza kila ugonjwa peke yake. Hospitali nazo zimpe kila mgonjwa kadi nyekundu ya ukubwa wa kitambulisho, mbele jina la ugonjwa, nyuma dawa asizopaswa kupewa, na mfamasia asitoe hata kidonge kimoja kabla ya kuigeuza na kuisoma.

Msomaji wenu wa siku nyingi