Risala kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Kumbukumbu ya Vita vya Okinawa, Honolulu

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Viongozi wa meza kuu,
Mama zetu na bibi zetu mlioketi safu ya mbele,
Mabibi na mabwana,

Awali ya yote tunakushukuru kwa kuacha shughuli zako na kuungana nasi leo, tarehe 23 Juni, siku ambayo Okinawa yote, visiwa vya kusini mwa Japani, huwakumbuka marehemu wa vita vya mwaka 1945 kati ya Marekani na Japani. Karibu sana.

Kwa ufupi, Mheshimiwa, watu wa Okinawa wa kwanza walifika Hawaii Januari 1900, wanaume 26, kwa kazi ya mashamba ya miwa. Wanawake wakafuata, wengi wakiwa wameposwa kwa picha tu. Baada ya vita wakaja wengine, wakiwamo walioolewa na askari wa Kimarekani. Hao ndio waliojificha mapangoni mabomu yakianguka, na kwa ajili yao sisi mabinti na wajukuu tulianzisha kikundi hiki.

Mafanikio ni makubwa. Tumepita nyumba kwa nyumba na redio kaseti moja na mfuko wa andagi, maandazi ya Kiokinawa, tukarekodi sauti zao. Leo tuna masanduku mawili ya viatu yaliyojaa kaseti, na kabati lenye kufuli.

Mheshimiwa, tatizo letu ni moja, utuvumilie tukilieleza. Kaseti zinaoza. Unyevu wa hapa umeziotesha ukungu mweupe kwenye utepe. Katika kaseti moja mama anasimulia walivyobanana pangoni, mtoto akalia, askari wa Kijapani akaamuru anyamazishwe. Akifika hapo anakaa kimya. Unasikia feni, na kikombe kikigusa kisahani. Kisha anaendelea kwa Uchinaaguchi, lugha ya kwao, ambayo wakati ule ukiizungumza mbele ya jeshi ungeweza kuhesabiwa jasusi. Hakuna mwanakamati anayeielewa sehemu hiyo yote, na mama mwenyewe ameshafariki.

Pale bandarini Pearl Harbor, nyambizi ya Kimarekani Bowfin inatunzwa vizuri na watalii hupiga picha. Ndiyo iliyozamisha meli Tsushima Maru usiku wa tarehe 22 Agosti 1944, ikiwa na mamia ya watoto wa shule waliokuwa wakihamishwa kutoka Okinawa. Walionusurika walikatazwa kusema. Hatuna kinyongo na nyambizi kutunzwa, Mheshimiwa. Tunaomba na sauti zitunzwe.

Tunalisema hili kwa unyenyekevu: si mara ya kwanza kulisema. Mgeni rasmi mmoja alisimama hapo akatuambia tuandike barua. Tukaandika. Aliyemfuata akataka mchanganuo wa gharama. Tukautengeneza, tukaupeleka kwa mkono, tukajibiwa kwamba umepokelewa. Nakala zote zimo katika faili la bluu lililo mbele yako. Tangu barua ile ya kwanza, viti vitatu vya safu ya mbele vimebaki na maua badala ya watu. Hatumlaumu yeyote, ila tunaomba sana ahadi ya leo isiishie kwenye makofi.

Hatuombi jengo wala gari. Tunaomba fundi wa kuzihamishia kaseti zote kwenye kompyuta, mashine ya kukausha hewa ya chumba cha kaseti, na posho ya wazee wawili wanaoijua Uchinaaguchi barabara, wakae wasikilize na kutafsiri neno kwa neno. Na tunaomba tarehe ya kuanza, itajwe leo, maana aliyekuwa na miaka 10 wakati wa vita sasa amevuka 90.

Mheshimiwa, kabla ya chakula tumeandaa redio pale kando ya dirisha. Kaseti tuliyoitaja imo ndani, na binti wa marehemu ndiye atakayeibonyeza. Tunakuomba dakika chache tu uketi naye.

Naomba kuwasilisha.

Katibu, kwa niaba ya kamati