Zuhura, kabla hujapanda ndege

Assalaam alaykum mwanangu. Sisi wazima, bibi yako mguu umempa nafuu.

Mdogo wako amenionyesha kwenye simu saa za swala za huko Gothenburg, Uswidi. Desemba jua linachomoza karibu saa tatu asubuhi, saa tisa na nusu limeshazama. Yaani Adhuhuri, Alasiri na Magharibi zinakimbizana, nawe uko darasani. Umezipangaje? Usiniambie "tutaona, mama". Jibu hilo nalijua, ulikuwa unalitoa kuhusu vyombo.

Hapa mtaani wanauliza unakwenda kusomea nini. Nikisema uchumi wa mazingira, wanangoja nimalizie. Mama Saidi akasema, kumbe atakuwa bwana samaki! Nikamwambia hapana, bwana samaki anakamata nyavu. Mwanangu anatafuta kwa nini mtu mwenye akili timamu, anayejua kabisa kokoro linazoa samaki wachanga, bado analitia majini: kwa sababu akiwaacha leo, jirani yake atawazoa kesho, na yeye atabaki na uchamungu wake na sufuria tupu. Sijui kama nilieleza sawasawa, ila Mama Saidi alinyamaza, nami nikajiona.

Baba yako, lakini, lile neno lako bado linamkaa kooni. Mwaka 2024, Ziwa Tanganyika limefungwa watu wasivue tangu 15 Mei hadi 15 Agosti, kipe, chombo chetu cha kuvulia dagaa, kimelala mchangani Kibirizi, chanja zangu za kuanikia tupu, nawe unapiga simu kutoka Morogoro kusema nchi zote nne za ziwa hili zimefanya jambo la maana. Hata kama ni kweli, mtu hupewa ukweli akishakula. Kwake yeye rizki inatoka kwa Mungu, na anayewahesabu samaki wa Mungu ana shaka na Mungu. Mimi sisemi hivyo. Mimi nasema hesabu, ila utuhesabu na sisi. Mwenye kipe alikaa akingoja Agosti. Mwanamke wa mwaloni, anayekopa dagaa asubuhi na kulipa akishauza, nani alimwandika kwenye daftari? Hilo likawe swali lako huko, maana hapa sijamsikia anayeliuliza.

Na ukitaka kumpata baba yako, usianze na yule mama Mmarekani uliyenisimulia, Elinor Ostrom, aliyeonyesha watu wanaweza kuitunza mali ya pamoja wenyewe, hata kama alipewa Nobeli ya uchumi 2009. Anza na mbalamwezi. Mwezi ukijaa taa hazivuti dagaa, vipe vinapumzika, na sijamsikia akisema kupumzika kule ni kumtilia Mungu shaka. Najua ulimi wako unawasha kusema hiyo ni habari ya taa, siyo ya kuhifadhi. Uzuie. Kisha mkumbushe hadithi aliyowafundisha mwenyewe, kwamba watu ni washirika katika maji, malisho na moto. Akinyamaza ujue umeingia.

Ila maneno hayo yanataka mdomo wa mtu anayeswali. Ukirudi umeziacha swala, hata ukiwa na shahada tatu, wazee wa Ujiji watasema hayo ni ya Wazungu, wataondoka, na kokoro litatiwa jioni ile ile. Halafu siyo kwa ajili ya wazee tu. Unanielewa. Waulize wanafunzi Waislamu wa huko wanafanyaje kipindi cha baridi, usione haya kuuliza.

Yale niliyoyasema jikoni ile Ramadhani usiyabebe. Mzigo wenyewe ni kilo 23.

Karo ya Hamisi bado nusu, usitume kitu, baba yako anangoja mawese yapande bei. Fundi wa bati kaja, anataka pesa kabla hajapanda juu. Nimemwambia akipanda ndipo tutaongea.

Mzigo unakuja na basi la kesho. Nenda Msamvu mwenyewe, usimtume mtu. Mawese nimeyafunga mifuko mitatu, yaweke katikati ya nguo usizozipenda. Dagaa ni wa chanjani, hutatafuna mchanga. Ile kanga ya juu ni ya bibi yako, anataka picha umeivaa kwenye theluji. Nimemwambia utaganda, hasikii.

Mama yako,
Ujiji