Barua ya wazi kwa Mganga Mkuu wa Mkoa wa Tabora: mwenye kidonda mguuni aulizwe kuhusu tumbaku

Shikamoo Mganga Mkuu,

Nakuandikia kutoka Urambo. Najua mezani kwako kuna malaria, wajawazito na upungufu wa watumishi. Langu ni moja tu: kijana akifika kituoni na kidole cheusi au kidonda cha mguu kisichopona, aulizwe kama anatumia tumbaku, na kama anatumia aambiwe waziwazi kwamba aache kabisa.

Jirani yangu hajafikisha miaka 40. Alianza kwa kulalamika kwamba unyayo unambana akitembea, akipumzika unaachia. Baadaye maumivu yakahamia usiku. Ungemkuta amekaa ukingoni mwa kitanda, mguu ameuning'iniza, maana akiuinua tu unawaka moto. Kidole gumba kikawa baridi, kikabadilika rangi hadi kuwa cheusi, kisha ncha ikachimbika kidonda. Zahanati wakampima sukari, hana. Akafungwa bendeji, akapewa vidonge, akarudishwa nyumbani. Mtaani walikwishaamua: kidonda ndugu, na wengine wakanong'ona kuwa amekanyaga kitu alichotegewa. Mbuzi akaenda kwa mganga wa kienyeji. Muda wote huo alikuwa anavuta tumbaku ya bani lake mwenyewe, yaani banda la kukaushia tumbaku, ameisokota kwa karatasi ya daftari la mtoto, eti inamsahaulisha maumivu. Kidole kikakatwa, halafu mguu chini ya goti. Hapo ndipo aliposikia kwa mara ya kwanza jina la ugonjwa wa Buerger.

Na si ugonjwa mpya! Felix von Winiwarter aliuandika mwaka 1879, na Leo Buerger, daktari wa New York, akaueleza kwa undani mwaka 1908 baada ya kuchunguza miguu iliyokatwa. Mishipa midogo na ya kati ya damu, ya miguu na mikono, inavimba. Damu inaganda ndani na kuiziba. Nyama iliyo mbele inakosa damu, inakufa. Unawapata zaidi wanaume wenye umri chini ya miaka 45 hadi 50, na karibu wote ni watumiaji wa tumbaku. Ugoro nao umo. Upasuaji wa kuipitisha damu pembeni mara nyingi hauwezekani, kwa kuwa mishipa iliyoziba ni ile ya mwisho kabisa, huko vidoleni. Hata sigara moja au mbili kwa siku zinatosha kuuendeleza. Anayeacha kabisa kabla nyama haijaoza, mara nyingi hubaki na mguu wake.

Kipimo cha sukari kiendelee, wengi wenye vidonda vya miguu wana kisukari kweli. Ila majibu yakitoka safi, kazi isiishie hapo. Mhudumu atafute mapigo juu ya unyayo na nyuma ya kifundo. Anahitaji vidole vyake tu. Asipoyapata, mgonjwa apewe rufaa mapema, asisubirishwe kwa bendeji miezi na miezi.

Nitaambiwa nisitukane wakunga na uzazi ungalipo. Ada yangu ya shule ililipwa na tumbaku, na bati la nyumba yetu pia. Sisemi tuing'oe, wala sisemi kulima ndiko kunakoleta ugonjwa huu. Unaletwa na kuitumia. Sheria ya kudhibiti bidhaa za tumbaku tunayo tangu 2003, na mkataba wa Shirika la Afya Duniani tuliuridhia 2007. Lakini maonyo yameandikwa kwenye pakiti, na msokoto wa bani hauna pakiti. Mvutaji wa huku ataonywa na nani kama si mhudumu wa zahanati?

Kuna njia nyingine ya kumfikia. Siku za soko wakulima hujaa kwenye ghala la AMCOS, chama chetu cha ushirika cha wakulima, wakisubiri mzigo upimwe, kutwa nzima hawana la kufanya zaidi ya kuvuta. Mtume mtu wako pale azungumze nao nusu saa.

Kama mwongozo wa jambo hili upo tayari, tunaomba ubandikwe kwenye zahanati zetu. Kama haupo, ukurasa mmoja wa Kiswahili unatosha kuanzia Urambo, Kaliua na Sikonge kabla ya msimu ujao wa masoko.

Wako,
Mkulima, Urambo