Osborne 1 haikuwa na betri

Mhariri,

Makala yenu ya kompyuta za zamani imeiita Osborne 1 kompyuta ya kwanza ya kubebeka na babu wa kompyuta mpakato. Hiyo ni sifa isiyo yake. Ilitoka 1981, ilhali IBM ilikuwa ikiuza modeli 5100 tangu 1975: kioo cha inchi 5 na mkanda wa sumaku ndani ya kasha moja la kilo 25 hivi. Bei yake, dola 8,975 kwenda juu, iliwashinda watu wa kawaida.

Alichofanya Adam Osborne na msanifu wake, Lee Felsenstein, ni kushusha bei hadi dola 1,795, na programu za WordStar (ya kuandikia) na SuperCalc (ya mahesabu) humo humo. Ilikuwa na kilo 11, uliisukuma chini ya kiti cha ndege, lakini angani haikuwaka, maana ilitaka soketi. Kioo kilionyesha herufi 52 za mstari uliobeba 128, hivyo anayeandika alibonyeza CTRL na mshale kila mara kuona upande wa pili. Kompyuta ya Kaypro II ya 1982 iliondoa kero hiyo kwa bei ile ile: kioo cha inchi 9, herufi 80.

Babu wa kompyuta mpakato atafutwe kwingine. Kuna Epson HX-20, kilo 1.6, ya betri ya kuchaji. Halafu TRS-80 Model 100 ya 1983, iliyoundwa na kampuni ya Kyocera ya Japani. Betri 4 za AA ziliiendesha saa 20 hivi, na modemu yake ya kasi ya baudi 300 ilituma habari kwa simu. Waandishi wa habari waliipenda, na walikuwa na haki.

Mmeshauri pia mwenye Model 100 ya stoo aiwashe tu ajaribu. Asithubutu! Ndani mna betri ya nikeli-kadimiamu, volti 3.6, iliyolehemiwa kwenye ubao ili kulinda mafaili. Ikizeeka huvuja, na majimaji yake hula njia za shaba. Toa betri za AA, fungua skrubu 4 za chini, tenganisha kasha taratibu kwa sababu kebo ya kioo imeshika pande zote mbili. Yeyusha lehemu inayoishika betri ile, itoe, futa kwa siki (uvujaji ule ni alkali), kisha kwa spiriti, uache pakauke. Mpya iwe ya nikeli-metali haidraidi, volti hizo hizo, chanya na hasi visipishane. Ukiiweka kabatini zima swichi ya kumbukumbu iliyo chini, ila nakili mafaili kwanza. Yote yaliyomo hufutika.

Fundi wa elektroniki,
Arusha